Jioni ya Luka 15: jinsi jumuiya inavyojiandaa kumpokea aliyekuwa mbali

"Umepotea!" Kila mtu wa Unguja keshaambiwa hivyo, barazani, Darajani sokoni au ndani ya daladala ya Fuoni, na mara nyingi huwa ni salamu tu ya mtu aliyekukosa kwa siku kadhaa. Mwambie neno hilohilo mtu aliyeacha kusali miaka miwili, mlangoni mwa kanisa, siku ya kwanza aliyojikaza kurudi. Atacheka kidogo, atakaa benchi la nyuma, na wiki ijayo hutomuona.

Mwongozo huu ni wa wanaoongoza jumuiya ndogondogo, ibada za nyumba kwa nyumba na vikundi vya sala Unguja na Pemba. Wakristo visiwani ni wachache. Wengi wao wametoka bara kufuata kazi, wengine wamezaliwa hapa na wazee wao wamezikwa hapa, na katika kundi dogo mmoja akiondoka pengo linaonekana. Ndiyo maana watu hukimbilia kumfuata kabla hawajajiandaa wao wenyewe. Sisi tunashauri kinyume chake: kazi kubwa ya matayarisho iwe kwa waliobaki. Anayerudi ana safari yake na Mungu anaijua. Nyumba atakayoikuta ndiyo iliyo mikononi mwenu.

Nani kapotewa?

Soma Luka 15 aya ya 8 katika Biblia ya Muungano. Mwanamke ana shilingi kumi, naye "akipotewa na moja" anawasha taa na kufagia. Kitenzi ni kupotewa. Shilingi haiumwi na chochote pale uvunguni. Anayeumwa ni mwenye nyumba. Basi kabla ya kuuliza fulani kapotelea wapi, kikundi kiulizane kama kweli kimepotewa, au kimeshazoea.

Watu watatu wakae na daftari la mahudhurio la miezi sita. Kama daftari hakuna, waorodheshe kwa kumbukumbu, na huko kusahausahau majina nako ni jibu. Kila jina waliangalie kwa sura hiyo ya 15, kwa maana hadithi zake tatu, ya kondoo, ya shilingi na ya baba mwenye wana wawili, zina waliopotea wa namna nne, na dawa ya mmoja si ya mwingine.

Kondoo hakuamua kuondoka. Alifuata jani moja, halafu jingine. Huyu ni kijana wa hoteli Nungwi au Paje ambaye zamu zake zimeangukia Jumapili tangu msimu wa wageni uanze. Hana ugomvi na mtu. Mchungaji wa kondoo alimfuata alipo akamweka mabegani, maana yake alibeba uzito yeye. Kwa kikundi, uzito huo ni kuhamisha siku ya kukutana, au watu wawili kupanda daladala kwenda kusali naye siku yake ya mapumziko. Ukimletea huyu mahubiri ya toba umekosea mlango.

Shilingi imepotea ndani ya nyumba. Yupo, anakuja, lakini hakuna ajuaye jina lake: dada wa kazi anayekaa karibu na mlango, mjane asiyeulizwa chochote, mzee asiyesikia vizuri. Hapa hakuna safari ya kwenda popote. Panahitajika taa na ufagio.

Mwana mdogo aliondoka kwa hiari yake, macho makavu. Pengine baada ya ugomvi, pengine na fedha za watu, pengine kwa ajili ya mapenzi. Angalia kwamba baba hakumfuata nchi ya mbali. Alibaki akitazama njia, ndiyo maana alimwona "alipokuwa angali mbali". Mtu wa namna hii ukimfukuzia kwa simu kila siku, atabadilisha laini.

Na wa nne ni kaka yake, aliyepotea uani huku jembe liko mkononi. Huyo msimwandike jina. Kila mmoja ajitazame.

Kupiga hodi

Waende wawili. Kama anayetembelewa ni mwanamke anayeishi peke yake, angalau mmoja awe mwanamke. Saa nzuri ni baada ya alasiri, kuanzia saa kumi na nusu jioni, na muondoke kabla ya magharibi. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana msiende kabisa: mtaa mzima uko msikitini au njiani, na ugeni wa saa hiyo unamweka mwenyeji wenu kwenye maswali. Mwezi wa Ramadhani msibebe chakula wazi njiani mchana, wala msifike saa ya futari bila kualikwa.

Hodi tatu. Msipojibiwa, rudini. Usichungulie dirishani wala usimuulize jirani "huyu bado anakaa hapa?", kwa sababu jioni hiyohiyo baraza zima litajua mna shida naye. Mkononi chukueni kitu cha nyumbani, kilo ya sukari au nusu kilo ya tende. Bahasha ya fedha katika ziara ya kwanza humfanya mwenyeji ajione mradi.

Mkae nusu saa, si zaidi. Ulizeni habari za watoto, za kazi, za mama aliyeko Tanga au Songea. Habari ya kuondoka kwake kikundini isianzishwe na nyinyi. Akianzisha mwenyewe, sikilizeni mpaka amalize, hata kama anamlaumu mtu mnayempenda. Mkitaka kuomba, mwombeni ruhusa, na sala iwe ya dakika moja. Hapa ndipo ziara nyingi zinapoharibika: mtu amekaa vizuri dakika ishirini na tano, halafu akifumba macho anasema, "Bwana, unajua jinsi ndugu yetu alivyoanguka." Hiyo ni hukumu iliyovishwa sala, na mwenyewe anaisikia.

Jioni yenyewe

Kabla mtu hajarudi, kikundi kikae na sura ya 15 jioni moja, kati ya watu wanane na kumi na watano, kwa dakika tisini. Wakizidi hapo, wazungumzaji watakuwa watatu na waliobaki wasikilizaji. Pemba, msimu wa karafuu, msiwatoe watu kwenye kazi. Kutaneni penye mkeka wakati wa kuchambua. Mikono ikiwa na shughuli ya kutenga karafuu na vikonyo vyake, ulimi hulainika, na aliyezoea kunyamaza huongea bila kutazamwa usoni. Kama kuna adhana ya isha au tarawehe jirani, zimeni kipaza sauti. Kikundi cha watu kumi na watano hakikihitaji hata hivyo.

Anzeni aya ya 1 na ya 2. Viongozi wengi huruka moja kwa moja hadi aya ya 11, na kosa hilo huharibu jioni yote, kwa sababu mazungumzo hugeuka kuwa juu ya vijana wa siku hizi. Aya mbili za mwanzo zinasema Mafarisayo na waandishi walinung'unika kwamba Yesu anawakaribisha wenye dhambi na anakula nao. Waulize watu: manung'uniko ni juu ya nini hasa? Acha walitafute wenyewe neno *hula*. Hakushitakiwa kwa kuwahubiria wenye dhambi, hilo lingevumilika. Alishitakiwa kwa kutia mkono sahani moja nao. Hadithi zote tatu zinazofuata zinawajibu hao walionung'unika.

Kondoo mmoja kati ya mia na shilingi moja kati ya kumi zipewe dakika kumi na tano kwa pamoja. Kisha gaweni sauti za hadithi ya tatu: msimulizi, baba, mdogo, mkubwa, mtumishi. Baba asisomwe na kiongozi wa kikundi. Mpe mtu mtulivu.

Mambo mawili hapa visiwani hayahitaji maelezo marefu, na hiyo ni bahati yenu. Moja ni nguruwe: mtu yeyote aliyekulia mitaa hii anajua kijana wa Kiyahudi amefika wapi anapolisha nguruwe na kutamani maganda wanayokula. La pili ni mirathi. Torati, Kumbukumbu 21:17, ilimpa mzaliwa wa kwanza mafungu mawili, hivyo mdogo katika wana wawili alikuwa na theluthi. Lakini uchungu hauko kwenye hesabu. Mirathi hugawanywa maiti akishazikwa. Kijana anayesimama mbele ya babake mzima na kusema "nipe fungu langu" amemwambia asichoweza kukifuta. Nyamaza hapo; kuna atakayeguna.

Sasa fika kwenye kiini. Mpe mtu mmoja asome aya ya 18 na 19, hotuba ambayo kijana aliitunga kule kwa nguruwe. Ina sehemu tatu: nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Mara moja mtu wa pili asome aya ya 21, alichokisema mbele ya babake. Uliza: kimepungua nini? Halafu funga mdomo, hata dakika nzima ipite. Kiongozi anayejibu haraka huwanyima watu furaha ya kugundua. Watagundua kwamba sehemu ya tatu haipo. Ombi la kuwa mtumishi halikupata nafasi ya kutamkwa. Baba alikuwa ameshageuka kuwaita watumwa walete vazi.

Rudini tena aya ya 20. Kukimbia, kukumbatia na kubusu vyote vimetangulia aya ya 21. Mwambie mtu mmoja aeleze angeona nini kama mzee wa heshima, mwenye kanzu na kofia, angeshika pindo la kanzu yake na kukimbia katikati ya uchochoro wa Malindi saa ya watu barazani. Wangesimama wote. Watoto wangemfuata. Aibu yote ambayo mtaa ungemrushia kijana, mzee ameishaibeba kwa miguu yake kabla kijana hajafika.

Mtu atauliza, na ni vizuri aulize: basi toba haina kazi? Ina kazi. Kijana alisema "nimekosa", na hakuna aliyemwambia hukukosa. Tofauti ni mahali aliposemea: alisemea kifuani mwa baba. Neema hapa ni mpangilio huo. Na neno lenyewe kwetu lina maana pana. Tunasema mwaka wa neema mvua zikinyesha vizuri, na hakuna mkulima anayedai mvua ilikuwa mshahara wake. Paulo naye, Waefeso 2:13, anasema waliokuwa mbali wamekuwa karibu katika Kristo Yesu. Neno tunaloitikia hodi mara kumi kwa siku, *karibu*, ndilo lililobeba injili pale. Kukaribisha ni kumfanya wa mbali awe wa karibu.

Msipite upesi kwenye viatu. Vazi na pete watu huviona wenyewe, viatu huvisahau. Mwana wa nyumba alivaa viatu. Mtumwa alikwenda pekupeku, na Zanzibar ya karne ya 19 nayo ilimjua mtumwa kwa miguu yake. Walioko mjini wanaweza kuanzia jioni hii Mkunazini. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa lililokuwa hapo mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa hapohapo, kazi iliyosimamiwa na Edward Steere, askofu wa Kianglikana. Altare inaelezwa kuwa ipo mahali palipokuwa mti wa kuchapia watumwa, na sakafuni pamewekwa alama ya duara jeupe la marumaru. Kusoma aya ya 22, "na viatu miguuni", ukiwa umesimama hapo hakuhitaji mhubiri. Pangeni na ofisi ya kanisa mapema, maana mchana watalii ni wengi.

Malizieni na kaka mkubwa, na msimtukane. Alifanya kazi kweli. Linganisheni aya ya 30 na ya 32: yeye anasema "huyu mwana wako", baba anamrudishia kwa upole, "huyu ndugu yako". Siku hiyo moja baba alitoka nje mara mbili, kwa ajili ya wana wawili. Na hadithi haisemi kama mkubwa aliingia. Gaweni vipande vya karatasi, kila mmoja aandike kimyakimya sentensi moja inayoanza "Kinachonizuia mimi kuingia ndani ni…". Karatasi zisikusanywe wala kusomwa. Zikikusanywa, watu wataandika ya kupendeza.

Siku anapokuja

Apokewe kwenye kituo cha daladala na mtu anayemjua, si mlangoni na kamati. Asikae mbele. Asiitwe asimame, asipigiwe makofi, asiombwe ushuhuda. Ushuhuda wa siku ya kwanza mara nyingi humfunga mtu kwenye maneno ambayo bado hajayaishi. Kando yake akae mtu mmoja mwenye kitabu cha nyimbo, bila maneno mengi. "Karibu, tuliweka nafasi yako" inatosha.

Kisha chakula, na chakula kiwe kwenye sinia. Kwa watu kumi na watano pilau ya kilo mbili za mchele na kilo mbili za nyama inatosha, pamoja na kilo ya viazi na kachumbari, masinia matatu, watu watanotano. Nyama inunuliwe kwa mchinjaji wa mtaani, iwe halali, ili jirani Muislamu akipita na kuitwa "karibu chakula" aweze kukaa kweli. Anayerudi aketi kwenye sinia pamoja na wazee wa kikundi. Kosa tuliloliona likirudiwa sehemu nyingi ni kumpakulia sahani yake peke yake, kwa nia njema, eti ni mgeni wa heshima. Sahani ya pembeni inamweleza kwamba bado hajawa wa nyumbani. Mkono wake na mkono wa mwenyekiti vikutane kwenye wali mmoja; wale walionung'unika katika aya ya 2 walijua uzito wa kula pamoja hivyo. Gharama zichangwe kabla na zisitajwe mezani.

Mlango wa nyumba na utaratibu wa sakramenti ni vitu viwili, na viongozi wa jumuiya wasiahidi wasichoshika. Kwa Wakatoliki kuna kitubio kwa padri. Kwa Walutheri kuna utaratibu wa kurudi kundini. Waanglikana na makanisa mengine wana taratibu zao. Mambo ya ndoa myapeleke kwa padri au mchungaji, yeye na mhusika faraghani. Nyinyi mpikieni.

Palipo na deni, na palipo na hatari

Kuna aliyeondoka na fedha za kikundi. Hapa watu hugawanyika: wengine wanataka alipe kwanza ndipo aingie, wengine wanataka yafutwe yote kwa jina la neema. Someni aya ya 31. Baba anamwambia mkubwa, "vyote nilivyo navyo ni vyako." Mdogo amerudishiwa vazi, pete, viatu na meza, lakini shamba halikugawanywa upya. Basi aingie leo, ale leo. Funguo za sanduku akae bila kupewa. Deni lizungumzwe siku nyingine na watu wawili, liandikwe: kama ni shilingi 300,000, basi 30,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, na karatasi isisomwe kikundini. Anayelipa kidogokidogo huku anakula nanyi hulipa. Aliyefungiwa mlango mpaka alipe, kwa kawaida hamtaonana tena.

Aliyemdhuru mtoto au kumpiga mkewe ni habari nyingine. Msamaha haumrudishi mahali penye mtoto yule, wala hauzuii taarifa kufika polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili. Na mwanamke aliyekimbia kipigo na watoto wake msimwite mpotevu. Asishawishiwe kurudi kwa mumewe kwa kutumia sura hii. Sura hii ina baba anayekimbia kukumbatia, haina fimbo.

Wapo pia waliosilimu, wengine kwa ndoa, wengine kwa kuridhika moyoni. Ni watu wazima na wamechagua. Msiwavizie, msiwasengenye. Arusini kwao mwende, mazikoni kwao mwende, Idi muwape mkono. Udugu wa mtaa haukufungwa.

Wiki ya tatu

Wiki ya kwanza kila mtu anampigia simu. Ya pili, nusu yao. Ya tatu simu inanyamaza, na hapo ndipo wengi huondoka tena bila ugomvi wowote. Mpeni rafiki mmoja, kwa jina, atakayeshika zamu hadi wiki ya nane. Ujumbe wake uwe na mahali na saa: "Jumatatu tunakutana saa kumi na moja, nitapita kituoni kumi na nusu tuende pamoja." Ujumbe wa "tunakukumbuka sana ndugu" hauna pa kushikia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa jambo hili walilenga. Kufika wiki ya nne awe na kazi ndogo ya kweli: kusoma somo, kutandika mikeka, kumpelekea mgonjwa uji. Isiwe ya fedha, isiwe ya jukwaani. Kama ni mtu wa zamu za hoteli, chukueni ratiba yake ya mwezi kabla ya kumpangia, na Aprili na Mei, masika yanapopunguza wageni, ndiyo miezi ya kumpa zaidi.

Na yule ambaye mlipiga hodi akawakaribisha chai lakini hakuja? Ujumbe mmoja kwa mwezi, wa salamu tu. Akifiwa mfike wa kwanza. Jina lake katika daftari lisikatwe wala lisipigiwe mstari mwekundu. Pembeni yake andikeni kwa penseli tarehe mliyomtembelea mwisho, na zamu inayofuata ni ya nani.